Mlingoti Unaolia Usiku: Namna ya Kuufuata Mlio Hadi Kwenye Chanzo Chake

Mlio wa mlingoti husikika vizuri pale kila kitu kingine kinaponyamaza. Mchana Ziwa Victoria lina injini za mitumbwi ya wavuvi, ndege zinazoteremka Entebbe na redio za watu ufukweni. Usiku, mashua ikiwa imefungwa kwenye boya na upepo wa nchi kavu, ule ambao watu wa pwani huuita umande, umeanza kuelekea majini, ndipo unaposikia "tok, tok-tok", kisha kimya cha dakika nzima, kisha "tok" tena. Aliyelala chini ya mlingoti huamka, hutoka na tochi, humulika juu, haoni kitu, na aghalabu hushika spana na kuanza kukaza chochote kilicho karibu naye. Kosa huanzia hapo. Natunza mashua za tanga katika ghuba za upande huu wa Uganda, na kila mlio uliowahi kunichukua wiki nyingi kuupata ulinichelewesha kwa sababu mtu, mara nyingine mimi mwenyewe, alikaza kitu kabla ya kusikiliza.

Maelezo haya yanahusu hasa mashua za kisasa zenye mlingoti wa alumini ulio wazi ndani, unaoshikiliwa na nyaya za chuma. Nitatumia majina ya kipwani pale yanapofaa: henza ni kamba ya kupandishia tanga, roda ni gurudumu dogo ambalo kamba hupitia, omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na mwashiri ni kitako ambamo mguu wa mlingoti hukaa. Kuna viungo ambavyo jahazi halina, kama ile mikono miwili inayotoka ubavuni mwa mlingoti ili kuzisukuma nyaya za kando zikae mbali nao. Hivyo nitavieleza kwa maneno ya kawaida.

Kwa nini sikio hudanganyika

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya alumini huenda kiasi cha mita 5,000 kwa sekunde, yaani karibu mara 15 zaidi, tena bila kupungua sana njiani. Mlingoti ni bomba la alumini lenye urefu wa mita kadhaa, na kitu kidogo kikigonga kileleni, bomba zima hutetemeka kwa pamoja na kuupeleka mtetemo huo chini kwenye sitaha, ambayo ni pana na hufanya kazi ya ngozi ya ngoma. Ndiyo maana mtu aliye chumbani huapa kwamba kinachogonga kiko kwenye mguu wa mlingoti, kumbe ni pini iliyolegea kwenye taa ya kileleni. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ya chombo, wakimaanisha maji. Kwa sauti za chombo usemi huo ni kweli vilevile, kwa maana milio yote hatimaye hukusanyika chini.

Kwa hiyo usiliamini sikio lako katika swali la "wapi". Liamini katika swali la "lini" na "vipi", kwa sababu huko halikosei: linajua kama mlio ni wa kugonga, kukwaruza, kupiga mluzi au kuvuma, linajua kama unakuja kwa mpigo wa kawaida au kwa vipindi, na linajua ulipokoma. Mahali utapatafuta kwa mkono na kwa kuondoa kitu kimoja baada ya kingine.

Usiku wa kusikiliza

Kabla ya kugusa chochote, tenga usiku mmoja wa kusikiliza tu, ukiwa na daftari. Andika saa, upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani, mashua inayumba au imetulia, na mlio unakujaje. Swali la kwanza, ambalo peke yake hupunguza kazi kwa nusu, ni hili: mlio unafuata upepo, au unafuata kuyumba? Ziwa letu hukupa nafasi nzuri ya kulijibu, kwa sababu zipo saa za usiku ambapo upepo umekufa kabisa, lakini mtumbwi wa wavuvi ukipita, mawimbi yake huifikia mashua na kuiyumbisha mara sita au saba. Meli ya abiria ikipita huleta msaada wa namna hiyo hiyo. Ikiwa mlio unakuja wakati huo, bila upepo, basi kipo kitu kilicholegea ambacho uzito wake mwenyewe unakitupa huku na huku. Ikiwa mashua inayumba na mlio hauji, lakini unarudi mara upepo unapoamka, tafuta kamba, waya au tundu.

Swali la pili ni la jua. Alumini hutanuka kuliko chuma kisichoshika kutu. Mlingoti wa mita 10 ukipata joto la nyuzi 25 zaidi ya ulivyokuwa alfajiri hurefuka kwa milimita 6 hivi, wakati waya wa chuma wenye urefu huo huo hurefuka kwa milimita 4. Ile tofauti ya milimita 2 lazima iende mahali fulani, nayo huenda kwenye viungo, ambavyo hujiweka sawa kwa mlio mfupi mkavu kama wa bati la nyumba jua linapochomoza. Milio michache ya aina hiyo asubuhi, na mingine jua linapotua, isikutie hofu. Ukiisikia saa nane usiku, hiyo si kazi ya jua.

Swali la tatu ni kama mlio upo tanga likiwa limepandishwa, na kama hubadilika unapobisha, yaani unapokwenda kwa zigizaga dhidi ya upepo. Mlio mmoja mzito kila unapogeuza upande wa upepo, kisha kimya mpaka ugeuze tena, maana yake ni kwamba kiungo kimoja kina nafasi ya kucheza na kimehamia upande wa pili. Hilo ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo, nami nitalirudia chini.

Simu ya mkononi husaidia sana katika kazi hii. Irekodi sauti ukiwa umeibana mlingotini kwa ukanda wa mpira, kisha nenda ukalale. Asubuhi utajua mlio ulianza saa ngapi, na utaulinganisha na hali ya upepo ambayo mlinzi wa usiku ameiandika.

Kuhakikisha kwamba kweli ni mlingoti

Sehemu hii ni fupi, lakini isirukwe. Mnyororo wa boya unapokokotwa juu ya mawe hupeleka sauti mpaka kileleni. Ubao wa mkuku, ule wa chini ya chombo unaopandishwa na kushushwa, hugonga ndani ya kasha lake. Usukani ambao haukufungwa hupiga "duk" kila wimbi linapopita, na gugumaji linapoletwa na upepo na kujibana ubavuni hukwaruza kwa namna ambayo ukiwa ndani utadhani ni kamba inayosuguliwa. Funga usukani, bana ubao wa mkuku kwa kabari, sukuma gugumaji, ondoa sufuria na vikombe kwenye rafu. Kisha sikiliza tena.

Kamba za nje

Hizi ndizo za kwanza kushukiwa, na mara nyingi ndizo zenye hatia. Henza iliyoachwa sambamba na mlingoti hupigapiga kwa mpigo wa haraka unaoongezeka upepo unapoongezeka. Dawa yake ni kuiondoa karibu na mlingoti: vuta ncha yake hadi kwenye waya wa kando au kwenye reli ya omo, kisha uikaze. Vipande vya mpira wa tyubu, kama vile ambavyo waendesha bodaboda hufungia mizigo, vinatosha kuivuta kando ikakaa, na ukivikosa kijijini utavipata kwa urahisi katika soko la Kisekka jijini Kampala. Usiikaze henza peke yake ukaiacha palepale ilipo, kwa sababu kamba iliyokazwa sambamba na mlingoti hupiga kwa kasi zaidi na kwa sauti kali zaidi, na baada ya miezi kadhaa utaona imekwangua rangi hadi alumini ikabaki tupu.

Mlio wa ndani ya mlingoti

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Mashua moja ya mita 7, iliyokuwa kwenye boya upande wa Kigungu, ilikuwa na mlio ambao mlinzi wetu wa usiku aliuzoea hadi akawa anautabiri. "Fundi, ule mlingoti umeanza tena, ssebo," aliniambia kwa simu, na mimi nikaenda na spana. Nilikaza nyaya za kando nusu mzunguko kila upande, mlio ukabadilika kutoka mzito hadi mwembamba, nikaridhika nikaondoka. Baada ya siku chache ukarudi vilevile, na sasa nilikuwa nimeharibu ushahidi, kwa maana sikujua tena kama ninachosikia ni mlio wa awali au ni mlio uliotokana na nyaya nilizozikaza. Ilinibidi nizirudishe zilivyokuwa, kwa alama za rangi zilizobaki kwenye skrubu zake, na kuanza upya.

Safari ya pili nilikaa sitahani nikiwa mtulivu. Upepo ulikuwa umekufa. Mtumbwi ulipita kuelekea mwaloni, yaani ufukwe ambapo wavuvi huteremsha samaki, mawimbi yakafika, mashua ikayumba, nikahesabu: kila ilipolala upande mmoja, ndani ya mlingoti kulisikika migongano mitatu, wa kwanza mzito, wa pili mwepesi, wa tatu wa kuburuta kidogo. Henza mbili za mashua ile zilipita ndani. Nikaikaza ya kwanza na kusubiri mtumbwi mwingine, mlio ukabaki. Nikailegeza, nikaikaza ya pili, mlio ukabaki. Kwa hiyo hazikuwa henza. Nikachukua fimbo kavu ya mti yenye urefu wa mkono, nikaweka ncha moja mlingotini na nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, nikapanda kidogokidogo kutoka usawa wa goti hadi juu ya kichwa. Kwa fimbo hiyo hutafuti ukubwa wa sauti, bali ukali wake: karibu na chanzo mgongano huwa na makali, kama kucha inavyogonga glasi, na mbali na chanzo hubaki kishindo tu. Makali yaliongezeka nilipopanda, na yalikuwa bado yanaongezeka pale fimbo ilipoishia.

Jaribio la mwisho lilikuwa jepesi kuliko yote. Kwenye mguu wa mlingoti palikuwa na tundu ambalo nyaya za umeme za taa ya kileleni na za antena ya redio zilitokea. Nilizishika kwa vidole viwili, nikazivuta kwa upole kiasi cha kuondoa ulegevu tu, nikangoja. Mashua ikayumba. Kimya. Nikaziachia. "Tok, tok, krr." Nilirudia mara tano, kwa kuwa jaribio moja halithibitishi kitu, na mara tano matokeo yakawa yaleyale.

Tulipoushusha mlingoti ule na kuulaza juu ya farasi za mbao, tuliona kwamba bomba la plastiki lililobeba nyaya lilikuwa limepoteza ribiti zake katikati, likawa linaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na vichwa vya ribiti zilizokatika vilitoka vikibingirika tulipoinua upande wa kilele. Jambo hili la kuinua upande mmoja wa mlingoti uliolazwa ni la kufanya kila mara: inua, geuza, sikiliza kinachobingirika ndani, kisha ukitoe. Skrubu moja iliyoanguka ndani ya bomba inaweza kumnyima mtu usingizi kwa miaka.

Dawa ni ama kulifunga upya bomba la plastiki kwa ribiti, ama kuliacha kabisa na kutumia vile vifungio vya plastiki vya mafundi umeme. Ukichagua njia hii ya pili, fanya hivi. Funga kamba nyembamba imara kwenye mkia wa nyaya kabla ya kuzivuta nje, ili kamba hiyo ibaki ndani na iweze kuzirudisha. Ukiwa umezitandaza chini, weka vifungio vitatu mahali pamoja, kila kimoja kikitazama upande wake, hivi kwamba mikia yao mitatu inasimama kama mafiga. Usiikate mikia hiyo, kwa sababu ndiyo itakayosukuma kuta za mlingoti na kuziweka nyaya katikati. Rudia kila baada ya nusu mita hadi mwisho. Kisha zirudishe ndani polepole, mtu mmoja akivuta ile kamba na mwingine akisukuma, mkivilaza vifungio kuelekea nyuma ya mwendo ili visikwame. Hakikisha mikia haizuii henza, kama henza nazo hupita ndani. Kazi hii ni ya asubuhi moja na bei yake ni ndogo, nami sijaona mlingoti uliofungwa hivyo ukigonga tena kwa sababu ya nyaya.

Kama mlingoti hauwezi kushushwa kwa sasa, usizivute nyaya za umeme na kuzifunga zikiwa zimekazwa ili upate kulala, kwa sababu uzito wote utaangukia viungo vya taa na antena kileleni, navyo vitakatika. Afadhali uvumilie mlio huo, ambao hauna hatari, hadi siku ya kushusha.

Miluzi na mivumo

Upepo una njia mbili za kuufanya mlingoti uimbe, na kuzitofautisha ni rahisi ukijua cha kusikiliza. Ya kwanza ni ya matundu. Tundu lililo wazi kwenye bomba hupigwa na upepo kama mtu anavyopuliza mdomo wa chupa, na sauti yake haipandi wala kushuka sana: ama ipo, ama haipo. Huja upepo unapofikia nguvu fulani au unapotoka upande fulani, kisha hupotea. Chukua utepe wa kunata, ziba tundu moja, sikiliza, kisha ziba la pili. Usisahau ncha za mikono ya mlingoti, ambazo vifuniko vyake vya plastiki hupotea bila mtu kujua, wala ncha ya boriti ya chini ya tanga. Ukishaupata mluzi, ziba tundu hilo kwa kizibo cha kudumu, lakini tundu la chini kabisa linalotoa maji ya mvua liache wazi, maana mlingoti uliojaa maji huoza kwenye mwashiri na huongeza uzito mahali pasipostahili.

Jambo jingine ni nyigu wajenzi wa matope, ambao huku kwetu hupenda sana matundu ya alumini. Kiota chao kikavu humeguka vipande vipande na kuanza kucheza ndani, ukapata mlio mpya ambao hauna uhusiano wowote na chombo. Safisha kwa maji na waya laini kila mashua inapokuwa nchi kavu.

Njia ya pili ni ya nyaya zenyewe. Upepo unapopita kwenye waya huacha nyuma yake vizungu vidogo, yaani mizunguko ya hewa, vinavyotoka kwa zamu, kulia kisha kushoto, na zamu hizo ndizo mvumo unaousikia. Mwanasayansi wa Kicheki, Vincenc Strouhal, aliuchunguza mvumo huu mwaka 1878, na kanuni yake hutumika hadi leo: zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, kisha gawanya kwa unene wa waya. Waya wa milimita 4 kwenye upepo wa mita 6 kwa sekunde huvuma mara 300 hivi kwa sekunde, ambayo ni sauti ya kati anayoweza kuiimba mtu. Upepo ukipanda, nayo hupanda. Mvumo huo hauna madhara, na ukikukera, funga kipande cha kitambaa au mpira katikati ya waya.

Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa mlingoti wenyewe. Ukiwa na unene wa sentimita 10, kwenye upepo uleule utapata mitikisiko 12 tu kwa sekunde. Sikio halisikii sauti ya chini kiasi hicho. Mwili ndio huihisi, na mashua nzima hutetemeka kama gari bovu lililosimama huku injini ikiwa inawaka. Hutokea zaidi tanga likiwa limeshushwa na upepo wa wastani ukipiga kutoka ubavuni. Hili usilipuuze, kwa maana mtikisiko wa masaa mengi huchosha vyuma vya viungo hadi vikapasuka. Dawa ya haraka ni kuuzungushia mlingoti henza moja mara kadhaa kama nyoka anavyopanda mti, ili vizungu visiweze kutoka kwa mpangilio. Mabomba marefu ya moshi ya viwanda huzungushiwa vyuma vya namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Kama hilo halitoshi, funga kamba ya pili kutoka tezini hadi kwenye boya ili mashua ielekee upepo kwa pembe nyingine.

Kwikwi za mwashiri na viungo

Mlio wa kulia kama mlango wa zamani, unaofuata kila wimbi, kwa kawaida hutoka pale mlingoti unapopita kwenye sitaha au unapokalia mwashiri. Mimina maji yenye sabuni kidogo mahali unapopashuku. Mlio ukikoma kwa dakika chache kisha ukarudi maji yanapokauka, umeshapata jibu. Kabari zilizokauka na kusinyaa huondolewa na kuchongwa mpya. Mbao ya mvule ni ngumu na huvumilia maji, na ukitandika mpira mgumu kati yake na alumini, kilio huisha. Pale palipo na mbao tupu, paka nta ya mshumaa. Grisi na mafuta ya kupikia hukusanya mchanga, na mchanga huo ndio utakaokwangua mlingoti.

Kwenye mashua ndogo za Laser, ambazo mlingoti wake ni wa vipande viwili vinavyochomekana, kilio hutoka kwenye ungio. Vitenganishe, osha mchanga utoke, na kama kola ya plastiki imelegea, izungushie utepe wa kunata duru moja au mbili hadi ikae sawasawa. Hakuna zaidi.

Bawaba inayoshika boriti ya tanga nayo huhitaji kuangaliwa, kwa kuwa pini yake hula tundu hadi likawa la yai. Fundi wa kerezo wa Katwe, jijini Kampala, anaweza kukuchongea bushi ya nailoni kwa kufuata pini yako. Mpelekee pini yenyewe pamoja na kiungo, usimpelekee vipimo vya kukumbuka.

Sasa narudi kwenye ule mlio mmoja mzito wa wakati wa kubisha. Huu ndio ninaouogopa. Huenda ni pini ya waya wa kando iliyopanua tundu lake, au shina la mkono wa mlingoti ambalo ribiti zake zimelegea, au kikombe cha chuma kinachobana ncha ya waya kimeanza kupata ufa. Shusha tanga, rudi bandarini kwa injini au kwa kuvutwa, na usiiguse mashua kwa safari nyingine mpaka uone kwa macho. Pitisha kitambaa, usipitishe kiganja kitupu, kutoka mwisho hadi mwisho wa kila waya. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya wenye uzi mmoja uliokatika ni waya wa kubadilisha, hata kama nyuzi kumi na nane zilizobaki zinaonekana nzima. Safisha kila kikombe na utafute mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, kwa kuwa ufa katika chuma kisichoshika kutu hujionyesha hivyo kabla haujafunguka. Angalia pia sitaha kuzunguka mlingoti: ikiwa imebonyea, au mlango wa chumba umeanza kugoma kufunga pale nyaya zinapokazwa, nguzo iliyo chini inashindwa kubeba.

Kupanda

Mambo mengi yaliyo kileleni, kama taa, antena, kionyesha upepo na roda, hayawezi kuthibitishwa mtu akiwa chini. Roda iliyokauka hulia, na taa iliyolegea hucheza kwa sauti ya njuga. Darubini ya kawaida, mashua ikiwa imetulia asubuhi, hupunguza safari nyingi za juu, na simu iliyovutwa juu kwa henza ikiwa inarekodi video hupunguza nyingine.

Ikibidi kupanda, panda kwa kiti cha kamba kilichofungwa kwenye henza moja, na mkanda wa kifuani ufungwe kwenye henza ya pili inayoshughulikiwa na mtu mwingine. Anayebaki chini asisimame chini yako, kwa maana spana ikianguka kutoka mita 9 huvunja fuvu. Usipande kamwe ikiwa unachokitafuta ni waya au kiungo kinachoushikilia mlingoti wenyewe; shusha mlingoti. Usipande pia wingu linapojengeka juu ya ziwa, hata kama mvua iko mbali upande wa visiwa vya Ssese, kwa sababu eneo hili lina radi nyingi mno na wewe utakuwa kwenye ncha ya chuma kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Na mlingoti unaposhushwa au kusimamishwa ufukweni, mtu mmoja awe na kazi ya kutazama nyaya za umeme zinazopita juu tu, asifanye kingine.

Kuthibitisha

Ukisharekebisha, rudisha kila ulichobadilisha wakati wa majaribio isipokuwa kile kimoja ambacho ndicho dawa. Henza ulizozikaza zilegeze zilivyokuwa, utepe uliozibia matundu yasiyohusika utoe, nyaya za kando zirudi kwenye alama zake. Kisha ngoja usiku wenye upepo na mawimbi kama yale uliyoyaandika daftarini mwanzoni, ulale ndani ya mashua. Usiku wa kimya wakati upepo ni tofauti haujathibitisha lolote. Kwenye ile mashua ya Kigungu ilitupasa kungoja siku 9 kabla ya kupata usiku unaofanana, na mlinzi akakaa nami sitahani hadi mtumbwi wa kwanza ulipopita kuelekea mwaloni. Mashua iliyumba mara saba. Tulisikia maji yakipiga ubavuni na injini ikififia, basi, naye akaiandika saa kwenye daftari: 10:40 alfajiri.